Vivutio vya Serikali na Mnyororo wa Ugavi wa Madini ya Betri: Dodoma kati ya Sheria za Mwaka 2017 na Nafuu za Kodi za Mataifa ya Nje, 2017–2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna vivutio vya serikali vilivyobadili mnyororo wa ugavi wa madini ya betri za magari ya umeme nchini Tanzania kati ya mwaka 2017 na mwaka 2025. Mifano iliyotumika ni madini ya kinywe ya Mahenge na Epanko pamoja na nikeli ya Kabanga. Hoja kuu ni kwamba serikali zilizoshindana hazikugombania mahali madini yanapochimbwa, kwa kuwa hilo limekwisha kuamuliwa na jiolojia, bali mahali yanaposafishwa. Sheria zilizopitishwa Dodoma zilitaka kazi hiyo ifanyike nchini. Nafuu ya kodi ya Marekani iliituza ikiwa imefanyika kwingineko. Makala inahitimisha kuwa kivutio cha taifa la nje, hata kinapokuja kwa sura ya ubia, ni msingi dhaifu wa kujengea kiwanda, kwa sababu kinaweza kufutwa na bunge ambalo Mtanzania hana kura ndani yake.

1. Utangulizi

Katika betri nyingi za magari ya umeme, kinywe ndicho malighafi kuu ya anodi, na nikeli ni miongoni mwa malighafi za kathodi. Kati ya mgodi na gari kuna hatua kadhaa: kuchimba mwamba, kutenganisha makinikia, kusafisha hadi kiwango cha betri, kutengeneza anodi au kathodi, kuunda seli, na hatimaye kufunga betri ndani ya gari. Sehemu kubwa ya thamani huongezwa katika hatua za katikati. Ndiyo sababu hatua hizo zimekuwa uwanja wa mvutano baina ya serikali.

Mijadala juu ya suala hili huelekea kuitazama Beijing na Washington kama watendaji, na nchi zenye madini kama ghala linalosubiri kufunguliwa. Makala hii inageuza mtazamo huo kwa kuanzia Dodoma. Uwanda wa kati wa Tanzania hauna mgodi mkubwa wa madini ya betri, ingawa miamba yenye lithiamu inajulikana huko Hombolo na nikeli imewahi kutafutwa kwa kuchoronga huko Haneti, wilayani Chamwino. Uzito wa Dodoma katika historia hii unatokana na taasisi zake. Bunge lililotunga sheria za mwaka 2017 hukutana hapo. Wizara ya Madini, Tume ya Madini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) zina makao yao hapo. Kwa hiyo swali linaloongoza makala ni hili: sheria iliyotungwa Dodoma ilikuwa na nguvu gani mbele ya sheria ya kodi iliyotungwa Washington, ilhali zote mbili zilikuwa zikivuta hatua ileile ya mnyororo?

Mkabala uliotumika ni wa kihistoria. Sheria, mikataba iliyotangazwa hadharani na taarifa za kampuni kwa masoko ya hisa zinasomwa kwa mfuatano wa tarehe zake, ili kuona uamuzi upi ulitangulia na upi ulikuwa jibu.

2. Dodoma kabla ya betri, 1925–2016

Uhusiano wa Dodoma na madini ni wa zamani kuliko hadhi yake ya makao makuu ya nchi. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha idara ya jiolojia ya Tanganyika na kuiweka hapo. Tangu wakati huo, sampuli za miamba na ramani za jiolojia za nchi nzima zimekuwa zikikusanywa katika mji huu. Ilipofika mwaka 1973 Dodoma ikatangazwa kuwa makao makuu, kumbukumbu za kile kilichomo chini ya ardhi ya Tanzania zilikuwa zimehifadhiwa humo kwa karibu nusu karne.

Uwanda huu pia una kumbukumbu nyingine inayohusu hoja yetu moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikaamua kugharimia kilimo cha karanga katika Tanganyika, na Kongwa ikawa eneo la kwanza mwaka 1947. Kabla ya mradi kuachwa mwaka 1951, ulikuwa umetumia takribani pauni milioni 36. Wachambuzi wengi wameeleza kushindwa kwake kwa ukame, udongo mgumu na mashine zisizofaa. Kwa makala hii, jambo la msingi ni kwamba mahitaji, fedha na uamuzi wa kusitisha vyote vilikuwa London. Kongwa ilitoa ardhi na vibarua, na haikuwa na sauti juu ya muda wa mradi.

Madini ya betri yenyewe yalianza kujulikana kabla ya soko la magari ya umeme kuwapo. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ilibainishwa katika utafiti wa miaka ya 1970 uliofanywa na serikali kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Baadaye ilipita mikononi mwa kampuni za Sutton Resources, Barrick, Falconbridge, Xstrata na Glencore, bila mgodi kufunguliwa. Kinywe kilichimbwa Merelani kwa kipindi kifupi katika miaka ya 1990 kabla ya mradi huo kufungwa. Katika miongo hiyo yote madini haya yalisubiri bei. Kuanzia mwaka 2017 yalianza kusubiri jambo lingine, yaani uamuzi wa serikali.

3. Sheria za mwaka 2017 kama kivutio na kama kizuizi

Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba kwenda nje. Mwanzoni mwa Julai mwaka huo, Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura sheria tatu zilizobadili msingi wa sekta nzima. Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili ilikataza kusafirisha malighafi ghafi ili zikachakatwe nje ya nchi, na ikaelekeza migogoro isikilizwe na vyombo vya ndani. Sheria ya pili ililipa Bunge uwezo wa kupitia upya mikataba yenye masharti hasi. Sheria ya tatu, iliyorekebisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliipa Serikali hisa huru zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati, ambazo hazipungui hata mtaji ukiongezwa. Vilevile, ilipandisha mrabaha wa madini ya metali kutoka asilimia 4 hadi 6, na kuunda Tume ya Madini.

Kwa kawaida neno kivutio hueleweka kama ruzuku au msamaha wa kodi. Hata hivyo, serikali isiyo na fedha za ruzuku inayo nyenzo nyingine, nayo ni ruhusa. Tanzania haikuweza kumlipa mwekezaji ili ajenge kiwanda. Iliweza kumnyima leseni kama hajengi. Januari 2018 kanuni mpya zilifuta leseni hodhi, yaani zile zilizomruhusu mwekezaji kushikilia eneo lenye madini bila kulichimba hadi hali ya soko iruhusu. Kabanga ilikuwa chini ya leseni ya aina hiyo, na hivyo ikarejea mikononi mwa Serikali.

Nyenzo hiyo ilikuwa na gharama. Wamiliki wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, waliifikisha Tanzania mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji. Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamuru walipwe zaidi ya dola milioni 100, na mwaka 2024 pande hizo zikakubaliana malipo ya dola milioni 90. Kwa hiyo, kufuta leseni kuliirejeshea nchi madini, lakini hakukuwa bure. Tathmini yoyote ya sera ya mwaka 2017 inayoacha kiasi hicho nje ya hesabu haijakamilika.

4. Vivutio vya mataifa yanayotengeneza na kununua magari

Wakati Dodoma ikitumia ruhusa, mataifa yenye viwanda yalitumia fedha. China ilianza kutoa ruzuku kwa wanunuzi wa magari ya umeme mwaka 2009 na kuiendeleza kitaifa hadi mwisho wa mwaka 2022. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, ruzuku iliambatana na orodha ya watengenezaji betri walioidhinishwa, ambayo kwa vitendo iliwapendelea wa ndani. Kampuni kama CATL na BYD zilikua ndani ya uzio huo. Matokeo yake, hatua za katikati za mnyororo, hasa usafishaji wa kinywe na utengenezaji wa anodi, zilijikita China. Nguvu hiyo ilidhihirika tarehe 20 Oktoba 2023, China ilipotangaza kwamba kuanzia Desemba 1 bidhaa kadhaa za kinywe zingehitaji kibali cha kusafirishwa nje.

Marekani ilijibu kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 16 Agosti 2022, maarufu kama Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Mnunuzi wa gari jipya la umeme angeweza kupata nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. Nusu yake, dola 3,750, ilitegemea asili ya madini ya betri: mwaka 2023, asilimia 40 ya thamani ya madini hayo ilipaswa kuwa imechimbwa au kusafishwa Marekani au katika nchi yenye mkataba wa biashara huria nayo, na kiwango hicho kingepanda hadi asilimia 80 mwaka 2027. Aidha, kuanzia mwaka 2025 gari lingekosa nafuu hiyo endapo betri yake ingekuwa na madini yaliyotoka kwa kampuni zilizo chini ya China na mataifa mengine machache. Mei 2024 masharti hayo yalilegezwa kwa kinywe hadi mwisho wa mwaka 2026, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na njia ya kuthibitisha asili yake.

Neno lenye uzito katika sheria hiyo ni kiunganishi "au". Tanzania haina mkataba wa biashara huria na Marekani. Kwa hiyo, kinywe kilichochimbwa Mahenge na kusafishwa Korea Kusini, ambayo mkataba wake na Marekani ulianza kutumika mwaka 2012, kingeweza kuhesabiwa. Kinywe hichohicho kikisafishwa Morogoro kisingehesabiwa. Kadiri sehemu kubwa ya usafishaji inavyofanyika Tanzania, ndivyo nafasi ya madini kufuzu ilivyopungua. Japani, ambayo nayo haikuwa na mkataba kamili wa aina hiyo, ilitatua tatizo hilo kwa makubaliano mahususi ya madini yaliyotiwa saini Machi 2023. Tanzania haikupata makubaliano kama hayo.

Ujerumani ilifuata njia ya tatu. Dhamana yake ya mikopo kwa miradi ya malighafi haiulizi madini yamesafishwa wapi. Inauliza kama yatawafikia wanunuzi wa Ujerumani kwa mkataba wa muda mrefu. Mradi wa Epanko wa kampuni ya EcoGraf uliingia katika utaratibu huo, ambapo benki ya KfW IPEX ilipanga mkopo wa hadi dola milioni 105.

5. Kinywe: Mahenge, Epanko na funzo la Balama

Tarehe 17 Aprili 2023, jijini Dodoma, Serikali ilitia saini mikataba na kampuni tatu za Australia. Miwili ilihusu kinywe cha Epanko na Chilalo, na wa tatu ulihusu madini adimu ya Ngualla. Kwa Epanko iliundwa kampuni ya ubia ya Duma TanzGraphite, ambamo Serikali inashikilia asilimia 16. Mfumo huo ulikuwa umekwisha kutumika Mahenge mwaka 2021 kupitia ubia wa Faru Graphite na kampuni ya Black Rock Mining.

Siku moja baada ya saini hizo, yaani Aprili 18, masharti ya Marekani kuhusu asili ya madini yalianza kutumika kwa magari yaliyokabidhiwa wanunuzi. Tarehe hizo ziliangukiana bila mpango wa yeyote, lakini zinaonyesha wazi mgongano uliopo. Upande mmoja ulitia saini mikataba chini ya sheria inayodai thamani iongezwe nchini. Upande wa pili ulianza kulipa fedha kwa thamani iliyoongezwa kwa marafiki wake wa kibiashara.

Mahenge inaonyesha namna wawekezaji walivyopita kati ya matakwa hayo mawili. Mshirika mkubwa wa mradi huo ni POSCO ya Korea Kusini, iliyonunua hisa za Black Rock na kukubali kuchukua sehemu ya uzalishaji kwa ajili ya viwanda vyake vya anodi. Mpango ni kwamba mwamba uchenjuliwe Mahenge hadi kuwa makinikia ya kiwango cha juu, yanayotosha kuitwa bidhaa iliyoongezwa thamani. Anodi zitengenezwe Korea. Hivyo sheria ya Tanzania inaheshimiwa kwa tafsiri yake ya chini, na sheria ya Marekani kwa tafsiri yake ya juu. Taasisi za fedha za Afrika, zikiwemo DBSA ya Afrika Kusini na benki ya CRDB ya Tanzania, ziliingia katika ugharimiaji. Hilo ni jambo jipya na la kutiliwa maanani, kwani fedha za Kiafrika ndizo zinazobeba sehemu ya hatari ya hatua ya kwanza ya mnyororo unaoelekea nje.

Jirani yetu Msumbiji alitangulia kupitia njia hiyo. Kinywe cha Balama, mkoani Cabo Delgado, huchimbwa na kampuni ya Syrah. Mwaka 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani iliikopesha Syrah dola milioni 102 ili kupanua kiwanda cha anodi, ambacho kipo Vidalia, jimboni Louisiana. Baadaye shirika la Marekani la kugharimia maendeleo, DFC, likaidhinisha mkopo wa hadi dola milioni 150 kwa mgodi wenyewe. Yaani mkopo wa Msumbiji ulikuwa wa kuchimba, na mkopo wa Louisiana ulikuwa wa kutengeneza. Mwishoni mwa mwaka 2024 uzalishaji wa Balama ulisimama kutokana na maandamano, yaliyoanza na malalamiko ya wakulima kuhusu ardhi na kisha kuchanganyika na ghasia za baada ya uchaguzi. Mnyororo uliopangwa kwa uangalifu katika sheria za kodi ulikatikia shambani, mahali ambapo sheria hizo hazikutazama.

6. Nikeli: Kabanga na Kahama

Kabanga ndiyo kipimo kigumu zaidi cha sera ya mwaka 2017. Januari 2021 Serikali na kampuni ya Kabanga Nickel, ambayo sasa ni sehemu ya Lifezone Metals, zilianzisha ubia wa Tembo Nickel: asilimia 16 za Serikali na 84 za mwekezaji. Leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Oktoba mwaka huo. Sharti kuu lilikuwa kwamba makinikia ya Ngara yasafishwe Kahama, katika eneo la mgodi wa zamani wa Buzwagi, hadi kuwa nikeli, kobalti na shaba zilizokamilika. Kampuni ya BHP ilianza kuwekeza mwaka 2022.

Tarehe 30 Machi 2023 Makamu wa Rais wa Marekani, Kamala Harris, akiwa Dar es Salaam, alikitaja kiwanda hicho kama mfano wa ushirikiano, na kusema kwamba nikeli yake ingeweza kuanza kufika katika soko la Marekani na dunia mapema mwaka 2026. Siku iliyofuata, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa rasimu ya kanuni za nafuu ya kodi. Katika kanuni hizo, kazi ya kusafisha itakayofanyika Kahama haikuwa na alama yoyote. Serikali moja ilikisifu kiwanda kwa mdomo wa diplomasia na kukiacha nje kwa kalamu ya kodi, ndani ya saa 48.

Pigo la pili lilitoka Indonesia. Nchi hiyo ilizuia usafirishaji wa mwamba wa nikeli mwaka 2014, ikalegeza, kisha ikazuia tena Januari 2020. Mitaji ya China ikaufuata mwamba huko. Uzalishaji ulifurika, na bei, iliyokuwa imepanda ghafla mwaka 2022, ikaporomoka kufikia mwisho wa mwaka 2023. Wakati huohuo betri za chuma na fosfeti, zisizohitaji nikeli, zilizidi kutumika. Julai 2024 BHP ilitangaza kusimamisha shughuli zake za nikeli Australia, na Julai 2025 Lifezone ikanunua asilimia 17 zilizokuwa za BHP katika kampuni ya Kabanga Nickel. Upembuzi yakinifu uliotolewa mwezi huohuo ulijengwa juu ya mgodi na kinu cha makinikia, huku kiwanda cha Kahama kikiachwa kwa hatua ya baadaye.

Kizuizi cha Indonesia na kile cha Tanzania vinafanana kwa maneno. Tofauti ni kwamba Indonesia ilishika sehemu kubwa ya nikeli ya dunia, na hivyo mnunuzi hakuwa na pa kukimbilia. Tanzania ilitumia silaha hiyohiyo bila kuwa na ukubwa huo wa soko.

7. Mjadala

Ushahidi uliowasilishwa unaturuhusu kutoa hoja tatu. Kwanza, sheria za mwaka 2017 zilifanikiwa katika umiliki kuliko katika mahali pa kazi. Asilimia 16 zimeandikwa katika kila ubia uliojadiliwa hapa. Kiwanda cha kusafisha hadi kiwango cha betri bado hakijasimama. Pili, vivutio vya nje vilivutia mitaji kuelekea Tanzania, lakini kwa hatua ya kwanza ya mnyororo tu. Tatu, vivutio hivyo vina umri mfupi kuliko migodi. Tarehe 4 Julai 2025 Marekani ilitunga sheria mpya iliyofuta nafuu ya magari ya umeme kwa magari yatakayonunuliwa baada ya Septemba 30 mwaka huo. Mgodi wa Kabanga umepangwa kudumu miaka 18. Kivutio kilichotarajiwa kuvuta soko lake kilidumu miaka mitatu na kidogo.

Inaweza kupingwa kwamba Tanzania ingepata zaidi kama isingeweka masharti. Hoja hiyo haiungwi mkono na historia ya Kabanga yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 40, chini ya sheria zilizokuwa nafuu zaidi kwa mwekezaji, nikeli ile haikuchimbwa. Wala haisaidii kudai kwamba masharti peke yake yanatosha, kwani Kahama ingalikuwa tayari inajengwa. Jambo linaloonekana ni kwamba ruhusa humwezesha mwenye madini kukataa mkataba mbaya, lakini haimpatii mnunuzi wa bidhaa iliyokamilika. Kwa hilo inahitajika nyenzo nyingine: mkataba wa soko kama ule wa Japani, au soko la kanda ambalo serikali za Afrika zinalitawala zenyewe. Makubaliano ya Desemba 2022 kati ya Marekani, Kongo na Zambia kuhusu mnyororo wa betri yalionyesha kwamba majirani wanaweza kukaa mezani pamoja. Tanzania, yenye nikeli na kinywe, haikuwa miongoni mwao.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kati ya mwaka 2017 na 2025 Dodoma haikuwa mtazamaji. Ilitunga sheria, ilifuta leseni, ililipa gharama ya kuzifuta, na ikaandika masharti yake katika kila mkataba mpya. Hata hivyo, mahali pa kusafishia madini paliendelea kuamuliwa zaidi na wenye fedha za kutuza. Kufanana na Kongwa kusitiwe chumvi, kwa sababu safari hii nchi ina hisa, ina leseni na ina haki ya kukataa. Kinachofanana ni hatari ya kuweka mradi wa kizazi kizima juu ya hitaji la muda la serikali ya mbali.

Wizara ya Madini, kupitia Dira ya 2030 iliyopewa jina la Madini ni Maisha na Utajiri, imeazimia kwamba utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege, ambao ulikuwa umefikia takribani asilimia 16 ya nchi, ufike angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ramani hizo zitaongeza majina mapya ya vijiji katika kumbukumbu za GST, na huenda Hombolo na Haneti yakawamo. Watafiti watakaofuata wana wajibu wa kuchunguza jambo ambalo nyaraka za mikataba hazilionyeshi vya kutosha, nalo ni hali ya kaya za Ngara na Ulanga zinazoombwa kuhama sasa, kwa ajili ya kiwanda ambacho ujenzi wake unasubiri uamuzi wa watu wengine.